Gari inakula fyuzi ukifunga tela? Anzia hapa

Mtu akileta gari inayokata fyuzi kila akifunga tela, mimi sishiki testa kwanza. Namuuliza, ilikata saa ngapi? Sio saa ya ukutani, namaanisha ulikuwa unafanya nini. Ilikata palepale ulipogusa breki, au ulikaa nayo kwenye foleni ya Buzuruga dakika kadhaa umekanyaga pedeli ndo ikaondoka? Wengi hawakumbuki, wanasema fundi we weka nyingine nina haraka, lakini jibu la hilo swali ni nusu ya kazi nzima.

Huku Mwanza matela yapo mengi. Kuna ya boti za faiba yanayoshuka Igombe na Kayenze, kuna ya matangi ya maji, ya jenereta, mengine ya magunia ya dagaa, na karibu yote yamechomelewa hapahapa mtaani. Chuma utakipenda, hata ulipakie ng'ombe wawili halilalamiki, ila ukija upande wa umeme sasa unakuta waya za spika zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu. Afu gari inayovuta ni Hilux au Land Cruiser ya mtumba kutoka Japani, waya zake zimepimwa kwa taa zake yenyewe na akiba kidogo. We unakuja unatoboa waya wa breki wa gari, unadandia hapo waya wa tela, na tela linaanza kula sahani moja na gari. Chakula kilipikwa cha watu watatu, wamekuja saba.

Hesabu wati kwanza, bado hujafungua kitu

Kwenye gari nyingi za volti 12 balbu ya breki na ya indiketa ni wati 21, ya pakingi ni wati 5, na ile ya nyuzi mbili imeandikwa 21/5 kwa sababu ina zote. Ukitaka ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya, gawa wati kwa volti. 21 kwa 12 unapata 1.75.

Chukua gari yenye taa mbili za breki na ya tatu ile ya kioo cha nyuma, zote balbu za 21. Hizo ni wati 63, ampia 5 na robo. Fyuzi ya STOP, yaani ya taa za breki, kwenye gari nyingi ni ya ampia 10, kwa hiyo gari yenyewe haina shida. Funga tela lenye taa mbili za breki, umeongeza wati 42, sasa ni 105, ampia 8.75, inabeba ila inabeba imekunja uso. Tatizo tela la mtaani haliishii taa mbili, mwenyewe anataka aonekane usiku anaweka mbili kila upande, jumla nne, hizo ni wati 84 peke yake. Jumlisha na 63 za gari unapata 147, ampia 12 na robo, na fyuzi ni ile ile ya 10. Na injini ikiwa inawaka volti zinasogea 14 hivi kwa hiyo ampia nazo zinaongezeka kidogo.

Hapo hakuna shoti popote. Hakuna waya uliochubuka, hakuna balbu mbovu, kila kitu ni kizima. Taa ni nyingi tu.

Inakata baada ya muda

Watu wanadhani fyuzi ya 10 ikifika 10 na nukta moja inakata kama panga. Haifanyi hivyo. Fyuzi ni kijichuma kinachopata joto mpaka kiyeyuke, kwa hiyo ukiizidishia kidogo inachukua muda. Ya 10 ukiipitisha 11 inaweza ikakaa siku nzima na zaidi. Ukiipitisha 13 na nusu, haimalizi dakika kumi. Ukiipitisha 40 imeondoka kabla hujanyanyua mguu.

Ndo maana nauliza ilikata saa ngapi. Iliyokaa kwanza afu ikakata ni mzigo umezidi, na iliyokata palepale ni shoti. Kama mwenye gari hakumbuki, itoe fyuzi uiangalie kwenye mwanga. Ya shoti plastiki yake kwa ndani inakuwa nyeusi au imerukiwa na chembechembe za chuma kama iliyopigwa bunduki, na ya mzigo kijichuma kimeachana katikati taratibu, plastiki iko safi au imelegea tu kwa joto. Sio kipimo cha mahakamani lakini mara nyingi kinasema kweli.

Mimi mwenyewe hili somo nililipia. Kuna jamaa aliniletea tela lake Kirumba, akitoka Mwanza jioni taa za nyuma zinawaka vizuri, akikaribia Magu, saa moja hivi barabarani, pakingi zote zinazima gari na tela, anaweka fyuzi nyingine anaendelea saa moja tena. Nikajiambia hii ni shoti ya mtikisiko, waya unagusa chuma gari ikidunda. Nikafungua tela zima, waya mmoja mmoja, mchana kutwa nalala chini ya tela juani nimejaa vumbi na harufu ya dagaa, sikuona kitu. Jioni dogo ninayemfundisha kazi akaniuliza, kaka, hizi taa za pembeni ziko ngapi? Tukahesabu. Tisa kulia, tisa kushoto. Kumi na nane mara wati 5 ni 90, weka mbili za nyuma na ya namba, 105, gari nayo na pakingi zake na taa za dashibodi inakula kama 35, jumla 140. Ampia karibu 12 kwenye fyuzi ya 10. Dogo alicheka mpaka nikamwambia aende akalete chai.

Kwa hiyo hesabu taa kwanza, kwa kalamu, kila waya na mzigo wake. Pakingi peke yake, breki peke yake, indiketa ya kulia, ya kushoto. Na ukiweza usipange kuitumia fyuzi mpaka mwisho, kama ni ya 10 ifanye kama ya 8 ili ipumue.

Inakata palepale

Hapa swali la kwanza ni rahisi, chomoa plagi ya tela. Weka fyuzi mpya, kanyaga breki, washa pakingi, washa indiketa. Kama haikati, ugonjwa uko kwenye tela kuanzia plagi kwenda nyuma. Kama bado inakata, uko kwenye gari, na mara nyingi ni pale walipodandia waya au kwenye soketi yenyewe iliyojaa maji na tope.

Sasa usianze kuchoma fyuzi za watu kumi kutafuta shoti. Chukua balbu ya taa kubwa, H4 iliyokufa upande mmoja inafaa sana, usiitupe, ifunge waya mbili na uzichomeke pale fyuzi inapokaa. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote, na haiungui kitu kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme. Anza kutikisa waya za tela kipande kwa kipande, kwenye tundu la chasi, karibu na springi, nyuma ya taa. Ukigusa mahali balbu ikafifia ghafla, umefika. Kwenye matela ya kwetu sehemu ya kwanza kuangalia ni pale waya unapoingia kwenye chuma bila mpira. Barabara ya vumbi ikiitikisa mwaka mzima ule ukingo wa chuma unafanya kazi ya msumeno.

Haikati tena, ila kuna kaharufu

Hii ndo inanitisha kuliko zote. Mzee mmoja wa dagaa alikuja na Land Cruiser.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii gari ilikuwa inakula fyuzi kama karanga, ila sasa imepona, fundi wa njiani kaniwekea ya kijani."

"Sasa mbona umekuja?"

"Kuna kaharufu ka plastiki nikifika Igoma."

Kama hujui rangi, fyuzi za kuchomeka ziko hivi: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Yaani huyo fundi alitoa ya 10 akaweka ya 30, na kweli haikukata tena, kwa sababu sasa kinachoungua ni waya. Waya wa breki wa kiwandani kwenye gari nyingi haufiki hata milimita moja ya mraba, kazi ya fyuzi ni kuulinda huo waya, taa hailindwi na fyuzi kama watu wanavyodhani. Nilivyofungua chini ya dashibodi nikakuta waya tatu zimeshikana kama chapati zilizorundikwa moto, na swichi ya breki kontakti zake zimegandana, taa za breki zinawaka hata gari imezimwa na mguu uko nje. Mzee alikuwa anashangaa betri kuisha kila asubuhi, kumbe ni hiyo.

Kama kuna mtu kakuwekea fyuzi kubwa kuliko ilivyoandikwa kwenye kifuniko, itoe leo, rudisha saizi yake, afu fuatilia ule waya kwa mkono kuanzia kwenye boksi mpaka kwenye swichi. Ukikuta umekakamaa au ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta, huo umeshapikwa, badilisha kipande chote, usifunge tepu juu. Na wale wanaoweka waya wa kopa au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, sina la kuwaambia, moto wa gari unaanzia hapo.

Indiketa zinafanya visa

Upande mmoja wa gari nyingi una 21 mbele, 21 nyuma na kadogo ka 5 pembeni, jumla 47, ampia 3.9. Tela likiongeza 21 unafika 5.7. Flasha ya gari, kile kidude kinachopepesha indiketa, ilipimwa kwa mzigo wa gari, na visa vinatokana na aina ya flasha. Zile za zamani za joto ukiziongezea balbu zinaenda mbio, za kisasa zenye kadi ndani zinaweza zisionyeshe chochote ila zinachemka, siku zinakufa zinakufa zimeganda, taa inawaka moja kwa moja bila kupepesa au haiwaki kabisa. Mwendo wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, hesabu kwa saa ya simu usikadirie.

Mtego mwingine, ile mbio ya indiketa tuliyozoea kwamba balbu moja imekufa, tela linaificha. Balbu ya gari ya nyuma imeungua, ya tela imechukua nafasi yake, flasha inaona mzigo umetimia inapepesa kawaida. Siku unafungua tela unabaki na gari isiyo na indiketa ya nyuma na hujui.

Hazadi, zile indiketa za dharura za pande zote, ndo mtihani wa mwisho. Upande mmoja unavumilika lakini ukiwasha hazadi pande zote mbili zinapita kwenye flasha ile ile na fyuzi ile ile, 47 mara mbili na 21 mara mbili ni 136, ampia 11 na kitu, na kila inapopepesa nyuzi za balbu zinaanza zikiwa zimepoa kwa hiyo zinavuta zaidi kwa ule muda mfupi wa kwanza. Gari imeharibikia njiani usiku pale Usagara, ndo unahitaji hazadi kuliko siku zote, na ndo inakufa.

Ukiona ukikanyaga breki indiketa zote mbili za gari nazo zinawaka bila kupepesa, hiyo mara nyingi sio mzigo, ni mtu kaunganisha waya wa breki na wa indiketa pamoja. Inatokea sana kwa matela yaliyoletwa kutoka Marekani na boti yake. Kule balbu moja ya nyuma inafanya kazi mbili, breki na indiketa, na plagi yao ya waya nne ni nyeupe ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kahawia pakingi, njano kushoto, kijani kulia. Gari za Kijapani zinatenganisha. Huwezi kusokota tu, breki inarudi kinyumenyume kwenye flasha na kubeba balbu zisizo zake. Ongeza taa za indiketa peke yake kwenye tela, au tafuta kile kiboksi cha kubadilisha.

Zinawaka hafifu, zinacheza, zinapokezana

Fyuzi haikati, lakini ukiwasha indiketa ya kushoto pakingi ya kulia inapepesa nayo, ukikanyaga breki kila kitu kinafifia. Watu wanasema mzigo umezidi wananunua betri mpya. Hapana, hiyo ni ethi. Umeme umeenda vizuri ila umekosa njia ya kurudi, kwa hiyo unapita kwenye balbu za jirani.

Matela mengi yanategemea ile mpira wa chuma wa kuvutia ndo iwe ethi, na mpira unapakwa grisi, na grisi na kutu sio rafiki wa umeme. Jaribio lake ni dakika moja: chukua waya wa kubustia, shika negativu ya betri upande mmoja, upande wa pili shika chasi ya tela palipokwanguliwa rangi. Taa zikirudi, umepata jibu, vuta waya wa ethi wa kudumu mpaka kwenye plagi, mnene kuliko waya nyingine zote maana yeye anabeba mizigo ya wote. Ukiwa na mita pima volti kati ya negativu ya betri na chasi ya tela huku taa zote zinawaka, ukiona zaidi ya nusu volti kuna mahali pamebanwa.

Na urefu wa waya usiudharau. Mita 8 za waya wa milimita za mraba 0.75 ukibeba ampia 3 na nusu unapoteza karibu volti 0.65 kwenda, na kama ethi nayo ni waya wa namna hiyo unapoteza nyingine kurudi, jumla 1.3. Unaona ni ndogo, lakini balbu ya nyuzi ukiipunguzia volti asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Waya wa 1.5 unakata huo upotevu nusu. Waya za spika acha kwenye spika.

Zimeungua zote kwa mpigo, au zinawaka kama koroboi

Fupi hii. Canter na Fuso nyingi ni volti 24. Tela la balbu za 12 likifungwa kwenye Canter linang'aa kama jua sekunde chache afu kwaheri. Tela lililotoka kwenye lori likifungwa Hilux linawaka kama koroboi. Soma kwenye kitako cha balbu imeandikwa nini kabla hujamlaumu mtu. Na plagi za pini saba za 12 na za 24 mpangilio wake haufanani hata kama umekuta moja imelazimishwa ikaingia. Kwa ile ya 12 namba moja ni indiketa ya kushoto, mbili taa ya ukungu, tatu ethi, nne indiketa ya kulia, tano pakingi ya kulia, sita breki, saba pakingi ya kushoto. Rangi za kiwandani zinafuata njano, bluu, nyeupe, kijani, kahawia, nyekundu, nyeusi, ila tela la mtaani usiamini rangi, fundi alitumia alizokuwa nazo. Amini testa.

Dawa yenyewe: tela lipewe sahani yake

Kama ni tela la taa mbili na gari ya kizamani, njia ya haraka ni kubadilisha balbu za tela ziwe LED. Taa ya breki ya LED inakula wati chache tu, mara nyingi haifiki 5, kwa hiyo hata zile nne za mfano wa mwanzo zilizokuwa zinavuta ampia 7 zinashuka chini ya 2, na hesabu yote ya juu inapoa. Ukiweka LED kwenye tela tu flasha haisumbui maana balbu za gari bado ziko palepale. Visa vya kupepesa mbio vinakuja ukibadilisha za gari. Nunua zilizozibwa vizuri zisiingie maji, zile za bei ya karanga zinakufa kabla ya mvua za masika kuisha.

Kama ni tela kubwa, au mwenyewe hataki kupunguza taa zake kumi na nane kama yule jamaa wa Magu, fanya relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Unahitaji nne, pakingi, breki, kushoto, kulia. Relei ya kawaida ya pini nne ina namba chini: 30, 85, 86, 87. Umeme mkubwa unatoka betri unaingia 30. Kutoka 87 unaenda kwenye plagi ya tela. 85 unaipeleka ethi. 86 ndo unaunganisha na ule waya wa gari uliokuwa unadandiwa zamani. Sasa waya wa gari haubebi taa tena, unabeba koili ya relei tu, chini ya robo ampia, gari haijui hata kama kuna tela nyuma. Hata relei ya indiketa inapiga tik tik na flasha bila shida.

Waya wa kutoka betri usiwe chini ya 2.5, mimi napenda 4, na fyuzi yake ya 20 ikae karibu na betri kabisa, urefu wa kiganja. Nimeona kazi nzuri za relei fyuzi imewekwa nyuma karibu na plagi, yaani waya wote wa mita tano kutoka betri hauna ulinzi, ukichubuliwa na chasi njiani unaungua gari lote. Relei zifunge mahali pakavu, pini ziangalie chini maji yasikae. Maungio yapigwe risasi ya kuunganishia waya au yabanwe kwa koleo lake na yavalishwe mpira wa kubana kwa moto. Ukiwa na moyo, weka kadayodi ka 1N4007 sambamba na koili, mstari wake upande wa 86, kanazuia ule mruko wa umeme relei inapoachia usirudi kwenye gari.

Kwa gari za karibuni ambazo taa zinaendeshwa na kompyuta usitoboe waya hata mmoja. Ile kompyuta inapima kila balbu, ukiiongezea mzigo inazima taa yenyewe kujilinda au inakuwashia alama kwenye dashibodi, na ukiipiga shoti unaweza kujikuta unabadilisha boksi zima. Kuna vidude vya tela vinavyosikiliza tu waya wa taa na kuchukua nguvu betri, nunua hicho.

Matela ya boti

Ziwa letu ni maji baridi, hakuna chumvi, kwa hiyo watu wanajiamini. Kutu inakuja polepole kuliko baharini lakini inakuja, ukifungua plagi utaikuta kopa imekuwa ya kijani kama majani. Ila kinachomaliza balbu mwaloni sio kutu. Umetoka mbali, foleni, breki, balbu za nyuma zimechemka, unarudisha tela kinyume mpaka majini ushushe boti, maji ya baridi yanaigusa kioo ya moto, inapasuka. Maji yanaingia kwenye taa, na ukikanyaga breki kupanda mteremko umeme unapita kwenye maji na tope, fyuzi inakata au ile taa inaanza kuvuta kidogokidogo kila siku.

Ukifika chomoa plagi kwanza, kunywa hata soda balbu zipoe, ndo usukume. Yule mzee wa dagaa nilimfungia relei zake nne na swichi mpya ya breki, sasa hivi akifika mwaloni anachomoa plagi anaivalisha kichwa cha chupa ya maji aliyoikata mwenyewe, anaibana na mpira wa baiskeli. Ya kijani nayo ameitunza, iko kwenye droo ya gari. Kila nikimwambia aitupe ananijibu, mwanangu, hii nilinunua.